Vidonge vya Wageni

Siku ya hitima ya Shangazi Rehema, wali ulipokwisha kuliwa na wanaume wakaondoka, niliomba maji, nikafungua pochi yangu, nikameza kidonge mbele ya wanawake waliojaa sebuleni. Sikukusudia kuonyesha kitu, saa yake ilikuwa imefika tu. Binti wa mdogo wangu, ambaye ana duka la dawa Dar es Salaam na anapenda kutuelekeza sote namna ya kuishi, aliichukua ile pakiti, akaigeuza huku na huku, akakunja uso. "Mama mkubwa, hizi si orijino," akasema. "Hizi ni zile za bei rahisi. Nitakuletea zenyewe." Basi wanawake wakaanza kubishana, kama wanavyobishana juu ya vitenge na simu, huyu akisema cha bei rahisi hakina nguvu, yule akisema jina ni la kumwibia mtu fedha. Mimi nilicheka, halafu nikajikuta nalia, wakadhani namlilia marehemu. Na ni kweli nilikuwa namlilia yeye.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa na miaka kumi na minane, katikati ya miaka ya sabini, nikikaa na Shangazi katika nyumba yake ya mawe pale Bagamoyo mjini. Jinsi nilivyofika kukaa kwake ni habari nyingine, na haina maajabu. Kilicho muhimu ni kwamba nilikuwa na kifafa tangu nilipovunja ungo, na kwamba nje ya nyumba ile hakuna aliyejua, au ndivyo Shangazi alivyojiaminisha. Nilipoanguka, yeye hukimbia kufunga mlango wa uani, huniwekea kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, kisha huchukua mchi na kuanza kutwanga kinu kilicho kitupu, ili jirani asisikie visigino vyangu vikipiga sakafu. Nikizinduka, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa ya mchi. Sitaki mtu amwone mkatili kwa hilo. Siku zile watu waliamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa umekwisha, na wapo waliomtengea mtoto wao wa kumzaa sahani na kikombe. Shangazi alinifuta povu kwa pindo la kanga yake mwenyewe, na mchana tukala sinia moja, vidole vyake na vyangu katika mchuzi mmoja. Alinipenda. Alichokiogopa ni midomo ya watu.

Nyumba ile ilikuwa na vitu vya aina mbili, vya wageni na vya kwetu. Sebuleni palikuwa na kabati la vioo, na ndani yake vikombe vya maua ya waridi, visahani vyake, birika la kaure, na kipande cha sabuni ya kunukia ambacho mikono yetu haikuruhusiwa kukigusa. Sisi tulikunywa chai uani, katika vikombe vya bati vilivyochubuka, na mara nyingi bila sukari, maana sukari ilikuwa ya kupanga foleni duka la ushirika na ile iliyopatikana iliingia kwenye kopo la kabatini kungojea wageni. Hata mikeka ilikuwa ya aina mbili. Sikuona ubaya wowote. Nyumba zote za mjini kwetu ziliishi vivyo hivyo, na mwanamke aliyepokea mgeni kwa kikombe cha bati alisemwa mpaka Kaole.

Dawa zangu nazo zikafuata utaratibu huo huo. Ami Shaaban, mdogo wake Shangazi, alikuwa mpishi katika meli ya mizigo, na kila ilipotia nanga Mombasa alipita kwa Mhindi mmoja muuza dawa na kuninunulia chupa ndogo ya rangi ya kahawia. Chini ya pamba, ukishaitoa, ulikuta vidonge vimekaa vizuri, na kila kidonge kimechongwa jina la waliokitengeneza. Shangazi hakujua kulisoma lile jina lakini alilipapasa kwa kidole gumba kabla ya kunipa, na akasema mtu hawezi kuandika jina lake juu ya kitu kibovu. Chupa hiyo ilikaa kabatini, nyuma ya vikombe vya waridi. Vidonge vya aina ya pili vilitoka hospitali ya serikali. Jirani yetu wa nyuma, Sista Anjela, muuguzi kutoka bara, Mkristo mwenye moyo mwepesi, alituletea kwa siri, vimefungwa katika karatasi na kufichwa katika fundo la kanga. Vilichotwa kutoka katika kopo kubwa la bati, vyeupe, havina jina wala alama, na vingine vimemeguka pembe. Hivyo tuliviita vya karatasi. Vile vingine tuliviita vya chupa.

Nieleze jinsi tulivyovitumia, maana hata leo nikimsimulia mtu hufikiri natia chumvi. Siku za kawaida nilimeza vya karatasi, Sista Anjela akiwa amepata nafasi ya kuvileta. Vikiisha kabla hajaleta vingine, na mimi sijaanguka karibuni, Shangazi alisema nimepata nafuu, basi nipumzike. Ikikaribia harusi, au maulidi, au ugeni wowote wa maana, kabati lilifunguliwa, na kwa siku chache nikapewa vya chupa, ili mbele za watu niwe imara. Wageni wakiondoka, vikombe vinaoshwa na kurudishwa, birika linarudishwa, na chupa nayo inarudi nyuma yake. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Tulijua tu kwamba kizuri hakitumiwi hovyo, na hatukuwa na sababu ya kudhani kwamba dawa ni kitu tofauti na birika.

Mwaka huo ulianza vibaya. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nakaanga mihogo, mara nikasikia ile harufu ya kutu ambayo huja kunipigia hodi nikitaka kuanguka, na kabla sijaweza kujivuta nyuma nikaangukia mafiga. Mkono wangu wa kushoto uliungua kuanzia kiwiko hadi vidole. Shangazi alinivuta kwa miguu, na siku hiyo hakutwanga kinu, alilia tu. Majirani waliambiwa nimemwagikiwa mafuta. Lawama zote zikaangukia vya karatasi. Ukweli ni kwamba karatasi ya mwisho ilikuwa imekwisha zamani na nilikuwa katika siku zangu za kupumzishwa, lakini hilo hatukulihesabu hata kidogo.

Ami Shaaban alipokuja kunijulia hali, Shangazi alimpikia samaki wa kupaka na mkate wa kumimina, akamwandalia sebuleni. Mimi nilikaa ukumbini na ungo mapajani, nachagua mchele kwa mkono mmoja, na kila walichosema nilikisikia. "Dada, hizo ni chaki," Ami alisema, mdomo umejaa. "Wamenunua kwa wingi kwa kuwa ni rahisi. Hata jina hazina." Shangazi akajibu kwamba zina kazi yake kidogo. "Kazi gani, na mtoto ameungua mkono?" "Basi niletee chupa mbili mbili, Shaaban." Hapo nikasikia kijiko kikikwangua sahani. "Meli haiendi ninakotaka mimi, dada," akasema mwishowe. "Safari hii huenda nisiione Mombasa mpaka mwaka ukatike." Shangazi akashusha sauti, lakini sauti yake hata ikishuka ilikuwa bado juu. "Ndiyo maana naziweka akiba. Wale watu wa Zinga wamesema wanakuja kumwona. Nataka siku hiyo awe na zile nzuri mwilini."

Nilikuwa nimewasikia wale watu wa Zinga wakitajwa, na kijana mwenyewe nilimjua kwa macho. Aliitwa Jumaa, mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni. Alipokuja mjini kuchukua mshahara alipita mtaa wetu hata kama njia yake haikuwa huko. Nasema wazi, maana kwa umri huu sina wa kumwonea haya: nilimtaka. Niliwaza nyumba yake, nikawaza vikombe vyangu mwenyewe, na katika mawazo hayo sikuwahi kuanguka hata mara moja.

Wageni walikuja baada ya mazao ya mvua kubwa kuvunwa, wanawake peke yao, wakiongozwa na mama yake mkubwa Jumaa, Bi Salma, mama mnene mwenye macho yasiyokosa kitu. Siku kadhaa kabla yake nilikuwa nimeanzishiwa vya chupa, na kwa kuwa mwili wangu ulikuwa umekaa bila dawa, vilinipiga. Nilitembea kama nimeamshwa usingizini. Niliwapelekea chai katika vikombe vya waridi, pamoja na vitumbua na kaimati, nikipiga hatua polepole ili sinia lisitikisike. Waliponiuliza neno nilichelewa kujibu, na nilipojibu nilijibu kwa sauti ndogo. Bi Salma akafurahi kupita kiasi. "Mashallah, mtoto mtulivu," akamwambia Shangazi. "Siku hizi wasichana wamekuwa na midomo. Huyu amelelewa." Shangazi aliinamisha kichwa kupokea sifa hizo. Mimi nilirudi ukumbini nikaegemea ukuta nisilale nimesimama. Wakati huo sikujua nicheke au nisikitike. Sasa nasikitika.

Wakaondoka wakiwa wamesema watarudi na jibu la wazee, na nyumba nzima ikanukia udi na furaha. Jioni ile ile chupa ikarudi nyuma ya vikombe. Siku ya pili yake nilianguka, nikazinduka, nikaanguka tena kabla sijausikia mchi, na sikumbuki mengine. Nilisimuliwa kwamba Shangazi alitwanga mpaka akaona midomo yangu inageuka rangi, ndipo akautupa mchi akaruka ukuta wa nyuma kumwita Sista Anjela, yeye mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana barabarani bila buibui. Walinipeleka hospitali kwa mkokoteni wa muuza maji, nimefunikwa kanga mbili, na aliyeuliza njiani aliambiwa ni malaria.

Daktari alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwamkia Shangazi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akavuta kiti. Aliuliza nameza dawa gani. Shangazi, aliyedhani anaonyesha jinsi anavyonitunza, akamweleza yote bila kuficha: vya chupa siku za wageni, vya karatasi siku nyingine zikiwepo. "Na zisipokuwepo?" "Akiwa mzima tunampumzisha, baba." Daktari hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema kwamba mwili unaizoea dawa hii, na ukiikata ghafla mgonjwa huanguka vibaya kuliko mwanzo. Kwamba moto ule wa jikoni na maanguko haya ya sasa hayakuletwa na vya karatasi wala vya chupa, bali na zile siku za katikati, na kule kurukaruka kutoka hii kwenda ile.

"Basi niambie ipi bora," Shangazi akasema, "nikauze bangili zangu." "Sikuambii bora, mama. Ndani yake ni dawa ile ile. Mmoja ameiandika jina, mwingine hakuiandika. Kama unaweza kuipata ya chupa kila mwezi bila kukosa, mpe ya chupa. Kama huwezi, mpe hii ya kwetu. Lakini uchague moja na uishike hiyo hiyo." Kisha akamtazama Sista Anjela, aliyekuwa anatazama sakafu. "Na hii ya kwetu aifuate mwenyewe, siku ya kliniki. Akae na wenzake, aitwe, tumwone macho yake na uzito wake. Dawa ya kufungwa kwenye kanga hatutoi tena." Shangazi alishukuru, akaaga kwa adabu zote. Njiani nilijua anawaza kile kile nilichokiwaza. Kliniki ile ilikaa kwenye baraza la mbele la hospitali, karibu na lango, na kila aliyeingia kuchomwa sindano au kumtazama mzazi alipita mbele ya lile benchi. Mji mzima uliliita benchi la kifafa.

Wapo wanaodhani kuchagua dawa ni jambo la mgonjwa na tumbo lake. Kwangu lilikuwa jambo la Zinga. Dawa ya chupa ilikuwa ya siri na ilitegemea meli. Dawa ya kopo ilikuwepo kila mwezi, na bei yake ilikuwa watu kujua. Siku ya kwanza nilitaka ya chupa, nikamlilia Mungu aielekeze meli Mombasa. Siku ya pili niliingia jikoni kupika uji, nikatazama mafiga, nikashindwa kusogea. Sikuwa shujaa na sitaki kusifiwa. Niliogopa moto kuliko nilivyoogopa aibu, basi.

Nilimwambia Shangazi asubuhi, yeye anachambua kisamvu, mimi nakuna nazi. "Shangazi, nimechagua za hospitali." Mikono yake ikasimama. "Unajua wataliita jina lako?" "Najua." Akaongea kwa upole ambao uliniumiza kuliko kama angenifokea. "Mwanangu, tungoje harusi ipite. Chupa ina vidonge bado, tutavigawa nusu nusu, vitafika. Ukishaingia nyumbani kwake utakwenda huko kliniki, nani atakufukuza?" Nakiri kwamba nililipima hilo shauri, tena kwa hamu. Nikamwuliza, "Na nikianguka jikoni kwake?" "Atakuwa mumeo." "Atakuwa mtu tuliyemdanganya, Shangazi. Na atakayejua kunivuta kwenye moto hatakuwepo." Akatupa majani ya kisamvu katika beseni. "Basi nenda," akasema. "Nenda ukakae pale kwenye lango, wakuone. Watu hawa watarudi na jibu zuri, na wewe utakuwa umewajibu kabla yao. Mimi usinihesabu."

Tangu hapo hatukuzungumza. Alipika kama kawaida, alikoroga mchuzi wa papa vizuri kama kawaida, lakini kwa mara ya kwanza alinipakulia chakula changu peke yake, akala chake chumbani. Nadhani hakufikiri kitendo hicho kinaonekanaje. Mimi nilikiona, na nililia juu ya sahani ile kuliko nilivyolia kwa mkono ulioungua. Nilimeza vya karatasi alivyonipa daktari kuvushia siku hizo, kila usiku, na sikuanguka. Kichwa kilianza kuwa chepesi. Niligundua kwamba naweza kukumbuka nilichokula jana, jambo dogo ambalo sikujua kuwa nilikuwa nimelikosa.

Leo hii binti wa mdogo wangu akinihubiria juu ya orijino namsikiliza, maana hakosei yote. Nimewaona watu waliobadilishiwa dawa kiholela, leo ya kiwanda hiki kesho ya kile, wakaanguka baada ya miaka ya utulivu, na nimewaona wengine waliong'ang'ania chupa yenye jina mpaka fedha zikawaishia katikati ya mwezi. Sina ugomvi na jina. Nilichoshika ni kile alichosema yule kijana mwenye miwani ya uzi, na sijakiachia tangu siku hiyo.

Siku ya kliniki ilipofika nilivaa buibui, nikatoka peke yangu. Shangazi alikuwa chumbani na mlango wake umefungwa. Benchini nilimkuta mzee mmoja kutoka Kiwangwa, amekuja na mananasi mawili ya kumpa daktari, uso wake una kovu la moto upande mmoja, na mwanamke wa Kaole aliyempakata mtoto mwenye kofia ya sufi ya kulinda kichwa. Niliwaamkia, wakaniitikia, wakasogea. Nilikaa pembeni kabisa na ushungi wangu nimeushusha mpaka puani. Watu walipita. Wengine walitupa jicho wakaendelea, wengine walichukua njia ya mbali kidogo. Mwanzoni niliinamisha kichwa kwa kila kiatu kilichokaribia, baadaye nikachoka kuogopa.

Kisha nikamsikia Bi Salma kabla sijamwona. Alikuwa amemleta mjukuu wake kuchomwa sindano na alikuwa akilalamikia foleni. Alinitambua, sijui kwa nini, labda kwa mkono wenye kovu, na bila kutazama ni benchi gani akaja kukaa kando yangu kwa furaha, mwili wake wote ukinigusa. "Mkwe wangu! Unaumwa? Mmemfuata nani huku?" Ningeweza kusema malaria. Ningeweza kusema nimemsindikiza mtu. Yule mzee wa Kiwangwa akageuza uso upande wa pili ili asinione nikiamua.

"Tumefuata dawa ya kifafa."

Shangazi Rehema alikuwa amesimama mbele yetu, anahema kwa kutembea haraka, buibui lake limeingia vumbi pindoni. Alisema kwa ile sauti yake isiyojua kushuka, na baraza zima likasikia. "Ni ya huyu mwanangu. Anacho kifafa tangu alipovunja ungo, Bi Salma, na mimi ndiye niliyekuficha. Yeye hakukuficha."

Bi Salma hakutukana, haki yake nimpe. Alimtazama Shangazi, akanitazama mimi, kisha akaushika mkono wa mjukuu wake na kuvuta kanga yake iliyokuwa imelala pajani pangu, akaikung'uta, akainuka. Jibu la wazee wa Zinga halikuja tena, na Jumaa sikumwona mtaani kwetu tangu siku hiyo. Nafasi aliyoiacha Bi Salma pale benchini ilikuwa bado ya moto, na Shangazi akaikalia.